Bila Ngazi Hata Moja

Asubuhi ile Milcah Kavenya alipigiwa simu na mwanamke asiyemjua, akaambiwa kwamba yeye ni mwongo na kwamba Mungu amemwona. Alikuwa anafagia uwanja wa nyumba yake. Ufagio ulimtoka mkononi.

"Mama, sijakuelewa," alisema. "Unaniambia mimi?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba ya wageni isiyo na ngazi? Diani? Ile ambayo kiti cha magurudumu kinaingia mpaka bafuni?"

"Ndimi."

"Basi baba yangu yuko ghorofani kwenu tangu jana alasiri, na kushuka hawezi."

Milcah aliinua macho akaitazama nyumba yake. Haikuwa na ghorofa. Ilikuwa nyumba ya chini, ya mabati, nyuma ya Ukunda, na toka ilipojengwa haikupata kuwa na kitu juu isipokuwa tangi la maji.

"Mama," akasema, "jina lako nani?"

"Veronicah. Veronicah Nzembi."

"Mama Veronicah, mimi wageni sina leo. Vyumba vyangu viko wazi vyote. Hebu niambie, uko wapi hapo ulipo?"

Kisha yule mwanamke akalitaja jina la nyumba za kifahari zilizoko upande wa ufukweni, zenye ua wa miti ya maua na askari wawili getini. Milcah alizijua. Nyumba zile ni za ngazi tupu. Chini kuna mkahawa na bwawa la kuogelea, vyumba vyote viko juu.

"Lakini picha ni hii hii," Veronicah alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua ukali, imebaki uchovu. "Nimetafuta tena leo asubuhi, maneno yale yale niliyotafuta nikiwa nyumbani, zikaja kurasa mbili. Yao na yako. Bafu ni hilo hilo. Na mzee aliyekaa kwenye kiti ni huyo huyo, na shati lake la mistari."

Yule mwenye shati la mistari hakuwa mzee. Alikuwa mume wake, Justus.

Milcah si mtu wa kuja juzi. Wazazi wake walitoka Kitui wakapewa shamba katika makazi ya Shimba Hills kabla yeye hajazaliwa, akasoma na watoto wa Kidigo, na hata leo jamaa zake wa bara wakimsikia akizungumza humcheka kwamba amekuwa Mswahili. Alipomaliza shule alishuka Diani akafanya kazi ya kutandika vitanda hotelini, na huko ndiko alikompata Justus Mutunga, fundi wa rangi, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Walinunua kiwanja kidogo, wakajenga, wakapata binti wakamwita Mwendwa.

Kisha Justus akaanguka. Alikuwa anapaka rangi ukuta wa hoteli, jukwaa la mbao likakatika, akaja chini kwa mgongo. Alitoka hospitali akiwa hai, lakini miguu haikutoka naye. Siku aliporudishwa nyumbani, Milcah alikuta kwamba kiti cha magurudumu hakipiti mlango wowote wa nyumba ile ambayo Justus mwenyewe aliipaka rangi. Mlango wa mbele ulikuwa na kizingiti kirefu. Mlango wa bafu ulikuwa mwembamba kama wa kabati. Justus alikaa uani chini ya turubai, akijaribu kutabasamu, na Milcah akaenda kumwita fundi siku ile ile. Walibomoa milango yote. Kizingiti kikaondolewa, bafu likapanuliwa mpaka kiti kikaweza kugeuka ndani, vyuma vya kushikia vikatiwa ukutani kwa kimo cha mkono wa Justus.

Hoteli alikofanya kazi Milcah ilipofungwa wakati wa korona na isifunguliwe tena, aliongeza vyumba vya wageni ubavuni mwa nyumba. Fundi alipomuuliza milango iwe mipana kiasi gani, alishangaa anaulizwa nini. Iwe kama ya Baba Mwendwa. Alikuwa hajui tena kujenga namna nyingine.

Wageni hawakuja. Watu wa Diani wanataka bahari dirishani, na kwa Milcah dirishani kuna mkorosho na kamba ya nguo. Ndipo alipopelekwa kwa Duncan Mwendwa, kijana wa kutoka Machakos aliyekuwa na ofisi juu ya duka la dawa pale Ukunda, akitengeneza tovuti. Kwa sababu ya lile jina lake la pili, sawa na la binti yake, Milcah alimpenda kabla hajakaa kitini.

Na lazima isemwe kwamba Duncan aliijua kazi yake.

"Anti," alimwambia, "ukiandika 'hoteli Diani' umekwisha. Hilo neno wakubwa wamelikalia, wewe utakuwa ukurasa wa mwisho kabisa, na hakuna mtu anafika huko. Wewe usigombanie neno kubwa. Tafuta swali refu. Swali ambalo watu wachache wanauliza, lakini akiuliza, amemaanisha. Huyo hatembei-tembei tu mtandaoni. Huyo anatafuta mahali pa kulala."

"Swali gani?"

"Wewe ndiye unajua. Wale wachache wanaokupigia wanakuuliza nini?"

Milcah alifikiri. Walikuwa wanauliza kama kuna maji, kama kuna usalama. Halafu akakumbuka mama mmoja wa Nakuru, mwanawe alikuwa na ulemavu, aliyemuuliza mara tatu katika simu moja: kiti kinaingia bafuni? Si mlangoni tu, bafuni kabisa? Na hakuna ngazi, hata moja?

Duncan alipiga meza kwa kiganja. "Hapo! Hapo ndipo penyewe. Andika vile vile alivyosema. Usipambe."

Wakaandika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: nyumba ya wageni Diani bila ngazi hata moja, kiti cha magurudumu kinaingia bafuni. Wakaandika na mengine: mahali pa kulala karibu na ufukwe kwa mgonjwa wa kiharusi. Chumba cha chini kwa mzee asiyeweza kupanda. Duncan akataka picha ya bafu ikiwa na mtu ndani, ili anayetazama aamini. Justus hakutaka. Baada ya siku mbili akasema, "Haya, nipigeni. Lakini nivae shati la kanisani, lile la mistari."

Na watu wakaja. Hawakuwa wengi, lakini walikuja wakiwa wameshaamua, kama Duncan alivyosema. Alikuja mwanamume wa Voi na mkewe aliyepooza upande mmoja, wakakaa wiki. Ilikuja familia ya Eldoret na mtoto ambaye hakuwahi kuoga bila kubebwa, na siku ile alipojisukuma mwenyewe mpaka chini ya maji, mama yake alisimama nje ya mlango akalia, na Milcah akaenda jikoni kumwachia nafasi. Milcah alipokutana na Duncan mjini alimwombea baraka mbele za watu.

Halafu simu zikapungua. Milcah alidhani ni msimu.

Sasa, baada ya simu ya Veronicah, alijua. Aliingia ndani, akamwonyesha Justus ukurasa wa zile nyumba za ufukweni kwenye simu. Maneno yalikuwa ni yao, neno kwa neno, hata lile "hata moja" la mama wa Nakuru. Chini yake picha ya bafu, na Justus ndani ya shati la kanisani, amejishika kwenye chuma.

Justus aliikuza picha kwa vidole.

"Wamenifanya chambo," alisema. "Wananitumia mimi kuwavua wenzangu."

Hilo neno ndilo lililomtoa Milcah nyumbani. Hakubadilisha hata leso. Alisimamisha tuk-tuk barabarani, na njia nzima dereva alimsikia akizungumza peke yake.

Getini askari walitaka kujua ana miadi na nani. "Nina miadi na mzee mliyemfungia juu," aliwaambia, akapita.

Meneja wa pale alikuwa mtu wa heshima aitwaye Swabir, wa huku huku Msambweni, na alipomwona mwanamke aliyemzidi umri anaingia kwa hatua zile aliinuka kabla hajaambiwa kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii picha ni ya bafu lenu?"

Swabir aliitazama. Aliitazama tena. "Hapana," akasema.

"Na hapa mmeandika hamna ngazi. Mimi naona ngazi nyuma yako. Au macho yangu?"

"Mama, wallahi mimi sikuandika. Kuna kijana tunamtumia, ndiye anayetuletea wageni wa mtandaoni. Alisema amepata maneno mazuri, yanaleta watu waliokwisha kuamua. Mimi sikusoma."

"Hukusoma kilichoandikwa kwa jina la nyumba yako?"

Swabir aligeukia ngazi. Akampeleka juu.

Mzee Musyoki, baba yake Veronicah, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini pale mguu ulipoishia. Sukari ilikuwa imeuchukua. Alikuwa dereva wa malori miaka yake yote, akipita njia ya Mombasa, na alikuwa amemwomba binti yake kitu kimoja tu, alale karibu na bahari ambayo zamani aliiona kwa kupita. Walitoka Makindu alfajiri, wakapita Dongo Kundu, wakafika wakiwa na furaha. Vijana wa pale walipoona hali, walimketisha kwenye kiti cha plastiki wakampandisha juu wakihesabu kwa sauti, moja, mbili, haya, huku wageni wengine wakiacha kula watazame. Alipofika juu, kiti chake cha magurudumu kiligoma mlangoni mwa bafu.

Veronicah alimweleza Milcah yaliyofuata wakiwa wamesimama kwenye ujia, kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie. Usiku alihitaji kwenda haja. Ilibidi atumie beseni. Ilibidi binti yake alishike.

"Mimi ni mtoto wake wa kike," Veronicah alisema. "Tangu asubuhi hajanitazama usoni."

Milcah aligeuka akamwambia Swabir, "Mwite huyo kijana wako. Mwambie aje sasa hivi."

Alipomwona Duncan anapanda ngazi zile, kompyuta yake kwapani, Milcah hakushtuka. Alikuwa ameshajua tangu Swabir aliposema maneno yale, watu waliokwisha kuamua. Kilichomuuma ni kwamba Duncan alipomwona yeye alitabasamu, kama mtu aliyekutana na mteja wake sokoni.

"Anti! Na wewe uko huku?"

"Nimekuja kuona maneno yangu yanaishi wapi siku hizi."

Tabasamu likapungua. "Aa, anti, hebu tuelewane. Maneno hayana mwenyewe. Watu ndio wanayaandika kwenye simu zao, mimi nayaokota tu. Hata wewe uliyaokota kwa yule mama wa Nakuru. Hii ni biashara. Yale yaliyofanya kazi kwako nikijua yanafanya kazi, nitaacha kuwapa wateja wangu wengine?"

"Na mume wangu? Yeye pia ulimwokota?"

"Hiyo picha ilikuwa ya kushikilia nafasi. Nilikuwa niitoe tukipata nyingine."

"Nyingine mngeipata wapi? Mna bafu gani hapa la kupiga picha?"

Duncan alimtazama Swabir ili amsaidie. Swabir alikuwa anatazama sakafu.

"Maneno chukua," Milcah alisema, na sasa sauti yake ilifika mpaka mkahawani chini. "Chukua yote, sina haja nayo. Lakini ulinifundisha wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba anayeuliza swali refu amemaanisha. Ulijua! Ulijua kwamba huyu si mtu wa kupita tu. Ni mtu mwenye shida, ametafuta kote amechoka, na akisoma hapa ataamini, atafunga mzigo, atampakia baba yake garini. Ulijua ataamini, ndiyo maana ukaandika. Sasa ingia humo ndani umwambie mzee ni biashara."

"Anti, polepole, watu wanasikia."

"Jana walipokuwa wakimtazama mzee anapandishwa kama gunia, ulimwambia nani polepole?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kutoka ndani sauti ya Mzee Musyoki ikasikika, tulivu, ya mtu aliyezoea kuzungumza na injini ikinguruma.

"Huyo ndiye aliyeandika?"

"Ndiye, baba," Veronicah alijibu.

"Basi anishushe yeye."

Duncan alisema yeye si mtu wa kazi hizo, mgongo wake una matatizo. Swabir alimpokea kompyuta kwa adabu, akaiweka mezani, na akasimama kando.

Ngazi zile zilikuwa za kuzunguka, nyembamba, za mapambo. Duncan alimbeba mzee kifuani, mikono ya mzee imemzunguka shingo, na kijana mmoja wa jikoni alishika kwa nyuma. Milcah alitangulia akishuka kinyumenyume, macho yake hayakumtoka Duncan. Katikati ya safari Duncan aliegemea ukuta, jasho likimdondoka kwenye kola.

"Pumzika, kijana," Mzee Musyoki alimwambia, uso wake ukiwa karibu na wake kabisa. "Mimi siendi popote."

Wakapumzika. Chini, wahudumu walikuwa wameacha kazi.

"Mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote," mzee aliendelea. "Saruji, mahindi, hata ng'ombe. Lakini nilikuwa najua ninapeleka wapi kabla sijawasha gari. Wewe ulinipakia bila kujua unanipeleka wapi. Sivyo?"

Duncan alimshika mzee vizuri zaidi. "Samahani, mzee," alisema.

"Haya. Twende."

Walipomkalisha kwenye kiti chake, kilichokuwa kimeteremshwa, mzee alijisukuma mwenyewe kuelekea getini, hakungoja kusukumwa.

Siku zile zilizobaki mzee na Veronicah walikaa kwa Milcah. Justus na Mzee Musyoki walielewana tangu salamu ya kwanza, wakawa wakikaa uani wakizungumza Kikamba, wakibishana juu ya barabara mbovu za zamani. Bahari haikuwa dirishani, na Milcah hakuwa amemwahidi mtu bahari dirishani. Walipelekwa ufukweni jioni kwa gari, mahali ambapo lami inafika karibu na mchanga, na mzee alikaa pale akatazama mpaka Veronicah akamwambia baridi inaingia. Kwenda zaidi ya hapo hakukuwezekana, kwa sababu kiti kinazama. Milcah alirudi akaliandika hilo katika tovuti yake, kwamba njia ya mchanga haipitiki, mtu asije akidhani inapitika. Sasa alikuwa anaiendesha mwenyewe. Duncan alikuwa amempa nywila zote za tovuti bila ubishi.

Mtu angependa kusema mambo yaliishia hapo. Swabir aliuondoa ukurasa ule siku ile ile, na kumpigia Justus simu kumwomba radhi, kitu ambacho hakuna aliyemwambia akifanye. Lakini mwezi haukwisha kabla Milcah hajakuta maneno yale kwenye tovuti ya nyumba nyingine, upande wa kusini. Picha haikuwapo. Maneno yalikuwa yamebadilika kidogo: badala ya "bila ngazi hata moja" iliandikwa "ngazi chache tu". Alimpigia Duncan.

"Lakini hiyo ni kweli, anti," Duncan alisema. "Ni chache. Nimeuliza."

Milcah alikata simu kabla hajasema jambo ambalo angelijutia kanisani. Alizunguka nyumba yote akifungua na kufunga milango yake mipana, na Justus akamwacha azunguke.

Toka hapo ana desturi mpya. Kila asubuhi, akishamaliza kuwapa wageni chai, huandika swali moja refu kwenye simu yake, kisha huwapigia wote wanaotokea. Hajitambulishi. Huuliza mlango wa bafu ni mpana kiasi gani, na wakimwambia "upana wa kawaida" huwaomba waende wapime, naye atangoja. Wengine hukata. Wengine hupima, wakarudi, wakasema mama, hapana, hakitaingia, na hao Milcah huwashukuru kwa moyo wake wote na kuwaomba waandike hivyo hivyo. Wanaoendelea kudanganya huwafuata kwa tuk-tuk. Wenye nyumba wengine wanamwita mkorofi, na ameambiwa kanisani kwamba wivu wa biashara si mzuri kwa mama wa umri wake. Alimjibu mwenye kusema hayo akampandishe yeye mwenyewe mama yake mzee kwa kiti cha plastiki, kisha waje wazungumze juu ya wivu.

Juzi Swabir alimwita. Alikuwa amejenga vyumba viwili vya chini, pale palipokuwa na stoo, na mbele ya vyumba hivyo amemwaga saruji njia ya mteremko, imepakwa rangi nyeupe, imewekwa vyungu vya maua pande zote mbili. Alitaka Milcah aione kabla yeye hajaandika chochote. Milcah alikuja na Justus. Justus aliutazama mteremko ule, akapeleka kiti chake mpaka mwanzo wake, akajaribu kupanda, na kiti kikamrudisha nyuma mara moja. Ilibidi Milcah amdake.

Swabir alishika kichwa. "Fundi aliniambia si mkali mno."

"Fundi wako anatembea," Milcah alisema. "Swabir, mwanangu, hii umeijenga kwa ajili ya mtu au kwa ajili ya picha?"

"Kwa ajili ya mtu, mama."

"Basi bomoa."

Alisema hivyo akaondoa chungu cha kwanza kwa mikono yake, akakiweka kando. Swabir akakunja mikono ya kanzu akaondoa cha pili.